Mwaka mmoja na Linux Mint: mfumo ulionifundisha programu ni nini

Miaka kumi na minne nimekuwa nikichapa barua, kumbukumbu za vikao na taarifa za mahesabu kwenye kompyuta. Ni kazi yangu ya ukarani na naipenda. Lakini ungeniuliza mwaka juzi programu ni kitu gani hasa, ningekuonyesha ile ikoni ninayobofya kila asubuhi, basi. Ungeniuliza faili linatofautianaje na programu inayolifungua, ningebabaika. Na mfumo endeshi? Ningedhani unazungumzia kompyuta yenyewe.

Leo najua, na sikufundishwa darasani. Nimefundishwa na Linux Mint, mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, kama Windows ilivyo. Ni toleo la 22, lile lenye eneokazi (desktop) la Cinnamon, ambalo nimelitumia kila siku ya kazi kwa zaidi ya mwaka. Kwa hiyo nitaipima mara mbili, kama chombo cha kazi na kama mwalimu. Kama chombo cha kazi ina upungufu, nami nitautaja. Kama mwalimu wa misingi ya programu za kompyuta, sijaona wa kuifikia.

Ilianza pale kompyuta mpakato yangu ilipozeeka. RAM ya GB 4, diski ya aina ile ya zamani inayozunguka. Nikiiwasha nilikuwa na muda wa kwenda kufanya shughuli nyingine, nirudi, niikute bado inajiandaa. Fundi mmoja aliitazama dakika chache akasema imekwisha, nitafute nyingine. Sikumbishia, kwa sababu sikuwa na hoja ya kubishia. Aliyekataa ni mpwa wangu.

"Shangazi, mashine hii haijafa. Kilichokushinda ni kilichomo ndani yake. Nipe jioni moja tu."

Akaja na flashi ya GB 8. Ndani yake kulikuwa na Linux Mint nzima, faili moja la karibu GB 3 alilolipakua kwenye tovuti ya Mint na kuliandika kwenye flashi kwa programu iitwayo balenaEtcher. (Kulinakili tu kama tunavyonakili picha hakutoshi, kompyuta haitaweza kuanzia hapo.) Akachomeka flashi, akawasha huku akibonyeza F12 mfululizo, ikatokea orodha fupi nyeusi: nianzie wapi, kwenye diski au kwenye flashi?

Orodha ile peke yake ilinisimamisha. Miaka yote hiyo sikujua kwamba kompyuta ikiwashwa, kabla haijawa chochote, inatafuta mahali pa kwenda kusoma maelekezo yake. Na kwamba mahali hapo panaweza kubadilishwa.

Akachagua flashi. Baada ya muda nikaona uso mwingine kabisa: menyu chini kushoto, ikoni chache, rangi tulivu. Mashine ile ile, kibodi ile ile yenye herufi A iliyofutika kwa miaka ya kuchapa. Akaniachia. Nikafungua LibreOffice Writer, programu ya kuandikia hati inayokuja na Mint, nikaandika nusu ukurasa wa barua niliyokuwa nadaiwa, nikaihifadhi kwenye folda ya Documents. Kisha akaniambia nizime, nichomoe flashi, niwashe tena. Ukarudi mfumo wangu wa zamani na uzito wake wote. Nikazima, nikachomeka flashi, nikawasha. Mint ikarudi. Barua haipo.

"Barua yangu iko wapi?"

"Uliihifadhi wapi, shangazi?"

"Kwenye Documents."

"Documents ya wapi?"

Sikuwa na jibu, na nakiri iliniuma, nusu ukurasa si kidogo. Lakini swali lile ndilo lililofungua mlango. Mint inapoendeshwa kutoka kwenye flashi namna ile, haigusi diski ya kompyuta. Unachoandika kinakaa kwenye RAM, na RAM hukumbuka kwa muda wote umeme unapopita ndani yake. Ukikatika, husahau kila kitu. Diski haisahau. Basi "kuhifadhi" si neno la kutuliza roho. Ni kuhamisha kitu kutoka mahali panaposahau kwenda mahali panapokumbuka, na lazima ujue mahali hapo ni wapi. Nilikuwa nimebofya kitufe cha kuhifadhi mara maelfu bila kulielewa hilo.

Na jambo kubwa zaidi lilikuwa mbele ya macho yangu: kompyuta ni ile ile, ila tabia ni mbili tofauti. Kilichobadilika ni maelekezo. Maunzi ni kile unachoweza kukigusa na kukidondosha: skrini, kibodi, diski, vipande vya RAM. Programu ni maelekezo yanayoiambia mashine ifanye nini, na yanaweza kuondolewa yote na kuwekwa mengine bila kugusa skrubu hata moja. Neno la Kiingereza *software* kwa maana hii lilitokea kwenye makala ya mwanatakwimu wa Marekani John Tukey mwaka 1958, wakati kompyuta zilikuwa zikijaza vyumba. Ilibidi watu wapate neno la kutenga mashine na kinachoiongoza. Nami nilihitaji utengano huo huo, na flashi ndiyo iliyonipa.

Jioni ile hatukusakinisha chochote. Nalisema kwa msisitizo kwa yeyote anayeogopa: unaweza kuijaribu Mint kwa siku kadhaa kutoka kwenye flashi, ukaangalia kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama printa inaitikia, na diski yako ikabaki kama ilivyo. Itakwenda polepole zaidi kuliko ikisakinishwa, kwa kuwa inasoma kutoka kwenye flashi, lakini utakuwa umeona.

Wiki moja baadaye nilisakinisha mwenyewe, mpwa wangu akiwa amekaa pembeni mikono mifukoni. Kabla ya hapo nilinakili mafaili yangu yote kwenye diski ya nje, nikayahesabu, nikafungua machache kuhakikisha yanafunguka. Usiruke hatua hii. Kisakinishi kinapokuuliza kama kifute diski nzima, kinamaanisha nzima.

Mahitaji si makubwa. Mint 22 inataka RAM ya GB 2 kwa uchache, na GB 4 ili ufanye kazi kwa raha. Nafasi ya GB 20 kwenye diski, ingawa wenyewe wanashauri GB 100. Kama mashine ni dhaifu zaidi, kuna toleo lenye eneokazi la Xfce, jepesi kuliko Cinnamon. Cinnamon, Xfce na MATE ni nyuso tatu tofauti za Mint ile ile. Hilo nalo lilikuwa somo: nilichokuwa nikikiita "kompyuta", yaani menyu, madirisha, picha ya nyuma, ni programu moja tu iliyokaa juu ya nyingine, na inabadilishika.

Nimekuja kuzijua tabaka hizo kwa kuziangalia zikipanda kila asubuhi. Kwanza inaamka programu ndogo iliyokaa kwenye ubao wa kompyuta wenyewe, ile wanayoiita BIOS au, kwenye mashine za karibuni, UEFI. Kazi yake ni kukagua maunzi na kumtafuta wa kumkabidhi. Inamkabidhi GRUB, ambaye kazi yake ni kuipakia kerneli. Kerneli ndiyo moyo wa mfumo endeshi, na ndiyo yenye jina Linux kwa haki. Linus Torvalds aliitangaza mwezi Agosti 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Inaamua programu gani itumie kichakataji (CPU), kipande kinachotekeleza maelekezo, sasa hivi na ipi isubiri, inagawa RAM, na ndiyo pekee inayozungumza na maunzi moja kwa moja. Juu yake zinaamshwa huduma za nyuma ya pazia: mtandao, sauti, uchapaji. Kisha Cinnamon. Na mwisho kabisa, juu ya wote hao, ndipo ninapokuja mimi na Writer yangu.

Kabla ya hapo nilidhani Writer inaandika kwenye diski. Haiandiki. Inaiomba kerneli iandike. Ndiyo maana programu moja ikikwama, mara nyingi zile nyingine zinaendelea: kerneli imemtenga kila mmoja, na aliyekwama anaweza kufungwa bila kuwasumbua wenzake. Mint ina programu iitwayo System Monitor inayokuonyesha wote walio kazini kwa majina na kiasi cha RAM wanachokalia. Niliifungua siku moja kompyuta ilipolegea, nikakuta kivinjari kimekalia GB 1.9 kwa sababu nilikuwa nimeacha kurasa zaidi ya ishirini wazi. Nikafunga kumi na tano, kompyuta ikapumua. Miaka kumi na minne nilikuwa nikiwasha upya kama dawa ya kila ugonjwa. Sasa ninamtafuta mgonjwa kwanza.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, na naomba mnivumilie kidogo.

Mwenzangu mmoja kazini alihitaji kuibadilisha picha ya barua iliyoskaniwa iwe hati ya kuharirika. Akabadilisha jina la faili kutoka barua.jpg kuwa barua.docx, akanitumia. Halikufunguka. Zamani ningesema faili limeharibika. Safari hii nilifungua terminali, ule ukurasa mtupu wa kuandikia amri, nikaandika `file barua.docx`. Amri hiyo hulichungulia faili lenyewe na kusema lina nini. Ikanijibu: JPEG image data. Ni picha. Herufi zinazofuata nukta kwenye jina ni lebo ya nje tu, inayosaidia mfumo kubuni ni programu ipi iitwe kulifungua. Ukibadilisha lebo ya kopo, kilichomo hakibadiliki. Nilimweleza mwenzangu, na nilimweleza kwa furaha ambayo nadhani ilimshangaza.

Basi nikapata hamu ya kujua, hati yangu mwenyewe ina nini ndani? Nikachukua taarifa moja ya kikao, faili la .odt, nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua lifunguliwe kwa programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa. Likafunguka kama begi. Ndani yake, mafaili kadhaa: content.xml, styles.xml, meta.xml, kijifolda cha picha. Nikafungua content.xml. Ni maandishi matupu yaliyojaa alama za pembe, na katikati ya alama hizo nikayaona maneno yangu: "Mwenyekiti alifungua kikao saa nne kamili." Pale pale, neno kwa neno. Sura ya maandishi, fonti, ukubwa, nafasi kati ya mistari, vimeelezwa kwa maneno pia, vingi vyake kwenye styles.xml. Na kwenye meta.xml kulikuwa na tarehe niliyolianza faili, mara ngapi nimelihariri, na muda niliokaa nalo.

Nilikaa nikiitazama skrini muda mrefu. Hati niliyokuwa nikiiona kama karatasi nyeupe ndani ya kompyuta si karatasi hata kidogo. Ni maelezo ya karatasi. Writer inayasoma na kunichorea karatasi upya kila ninapofungua. Faili ni data iliyotulia. Programu ni maelekezo yanayojua kuisoma. Ndiyo tofauti niliyokuwa nikibabaika nayo, na niliiona kwa macho. Faili la .docx nalo limejengwa hivyo hivyo, mafaili yaliyobanwa pamoja, jaribuni mtaona. Na jambo la kuzingatia kwa makarani wenzangu: meta.xml inaweza kubeba jina lako na historia ya hati. Kabla ya kutuma hati nyeti nje ya ofisi, nenda kwenye sifa za faili ndani ya LibreOffice uondoe taarifa binafsi.

Baada ya hapo nilitaka kuona upande wa pili, programu yenyewe inatengenezwaje. Mpwa wangu akaniambia niiandike. Mimi? Ndiyo, wewe. Kila mwanzo wa mwezi huwa natengeneza folda mpya ya barua kwa mkono, naipa jina la mwaka na mwezi. Tukaanzia hapo. Nikafungua kihariri cha maandishi ya kawaida, nikaandika mistari mitatu:

```
#!/bin/bash
mkdir -p ~/Barua/$(date +%Y-%m)
echo "Folda ya mwezi iko tayari"
```

Mstari wa kwanza unasema ni nani wa kuyasoma maelekezo haya. Wa pili unasema: tengeneza folda ndani ya folda yangu ya Barua, uulize tarehe ya leo, uchukue mwaka na mwezi uifanye jina. Wa tatu unanipa taarifa. Nikalihifadhi kwa jina mwezi.sh, nikajaribu kuliendesha, likagoma: hakuna ruhusa. Lilikuwa bado faili la maandishi tu. Nikaandika `chmod +x mwezi.sh`, yaani lipewe ruhusa ya kuendeshwa, nikajaribu tena, na skrini ikaniandikia kwa Kiswahili changu mwenyewe: Folda ya mwezi iko tayari. Nikafungua Barua, folda imo.

Hiyo ni programu. Ndogo, lakini ni programu kamili, na kila mwezi inafanya kazi. Programu kubwa kama LibreOffice ni mamilioni ya mistari iliyoandikwa na watu wengi kwa miaka, na kwa kawaida msimbo chanzo wake, yaani mistari hiyo kama ilivyoandikwa na watu, hutafsiriwa kwanza kuwa lugha ya kichakataji ndipo utufikie. Lakini kimsingi ni kitu cha aina hii hii. Mtu amekaa akaandika: kwanza fanya hivi, kisha vile, likitokea hili fanya lile. Tangu siku hiyo programu ikikosea siioni tena kama mkosi. Kuna mstari mahali fulani ambao haukutazamia hali niliyoiingiza.

Kuhusu kupata programu nyingine, Mint ina Software Manager. Unatafuta jina, unasoma maelezo na maoni ya watumiaji, unabofya kusakinisha. Programu zinatoka kwenye hazina za Mint yenyewe, za Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux ambao Mint imejengwa juu yake, au Flathub, hazina ya pamoja ya programu za Linux. Ni mfumo salama kuliko mazoea ya kutafuta programu kwenye mtandao na kubofya kitufe cha kwanza cha kijani unachokutana nacho. Si kwamba Mint haijawahi kuguswa. Mwezi Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti yao na kuelekeza watu wapakue toleo lililotiwa mlango wa siri. Waliligundua haraka na kulitangaza wenyewe. Kwa ajili ya hatari kama hiyo, ukipakua Mint, tovuti inakupa pia mfuatano wa herufi na tarakimu 64 uitwao SHA256. Unaiomba kompyuta yako iukokotoe kutoka kwenye faili ulilopata. Zikitofautiana hata herufi moja, faili silo, lifute. Hatua hii inachukua dakika mbili, na nimeona watu wengi wakiiruka kwa kuona ni mambo ya mafundi. Si ya mafundi. Ni sawa na kuangalia muhuri kabla ya kupokea bahasha.

Masasisho yanakuja kupitia Update Manager, ikoni ndogo yenye umbo la ngao. Haikulazimishi kuwasha upya katikati ya kazi. Inakuambia yapo, na kila moja unaweza kusoma linabadilisha nini. Na kuna Timeshift, inayopiga picha ya hali ya mfumo ili ukiharibu uweze kurudi nyuma. Miezi minne baada ya kuanza, niliondoa kifurushi (programu au kipande chake) nilichodhani hakina kazi, kikaondoka pamoja na vingine vilivyokitegemea, na eneokazi likakataa kufunguka. Nilirudisha picha ya siku iliyotangulia, na kazi ikaendelea asubuhi ile ile. Hapo nikajifunza kwamba programu zinategemeana: moja hukopa vipande vya nyingine badala ya kila mmoja kuja na vyake. Lakini sikilizeni: kwa mpangilio wake wa kawaida Timeshift hailindi nyaraka zako. Inalinda mfumo. Barua zako zinahitaji nakala yake kando, na Mint imeweka programu nyingine kwa ajili hiyo, Backup Tool.

Sasa upungufu. Wi-Fi ya kompyuta yangu haikushika siku ya kwanza. Mtengenezaji wa kadi ile hakuwa ametoa draiva huria. Draiva ni ile programu inayoifundisha kerneli kuzungumza na kifaa fulani, na bila hiyo kifaa kipo lakini ni bubu. Nililazimika kuunganisha simu kwa waya wa USB ili nipate intaneti, kisha Driver Manager ikaipata draiva na kuisakinisha. Dakika ishirini hivi. Kwa mtu aliye peke yake, asiye na wa kumwuliza, dakika hizo ishirini zingeweza kuwa mwisho wa safari, nami naliona hilo kama tatizo la kweli. Jaribuni Wi-Fi kwenye flashi kabla ya kusakinisha.

LibreOffice inafungua mafaili ya Word na Excel, na kwa barua za kawaida sioni tofauti. Ila majedwali yenye mapambo mengi huweza kusogea, na makro, yaani viprogramu vidogo vya ndani ya faili, zilizoandikwa kwa ajili ya Excel si zote zinazofanya kazi. Times New Roman haimo kwa sababu za leseni; mahali pake ipo Liberation Serif, iliyochorwa ili kila herufi iwe na upana ule ule, na hivyo mistari na kurasa zisihame. Ninapotuma hati ya mwisho naituma kwa PDF. Kama kazi yako inategemea Photoshop au Microsoft Office yenye kusakinishwa, Mint haitakufaa kama mfumo wako pekee; hazikutengenezwa kwa ajili ya Linux. Na maelezo mengi ya msaada yako kwa Kiingereza, jambo linalonisikitisha, kwa sababu mambo haya yanasemeka vizuri kabisa kwa Kiswahili.

Haitozwi chochote. Lakini nimejifunza kutofautisha bure na huru. Richard Stallman, aliyeanzisha mwaka 1983 mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo endeshi huru, alidai haki za mtumiaji: kuiendesha programu kwa kusudi lolote, kuusoma na kuubadilisha msimbo wake, kuigawa, na kuigawa ikiwa na mabadiliko yako. Leseni ya GPL inayoilinda kerneli ya Linux inasimamia haki hizo. Programu nyingine unaweza kupewa bure na bado usiruhusiwe lolote kati ya hayo. Nilikuwa nikibofya "nakubali" bila kusoma. Sasa nasoma angalau kujua ni leseni ya aina gani. Mint yenyewe, iliyoanzishwa na Clement Lefebvre mwaka 2006, inaendeshwa kwa michango na wadhamini, na mimi nimechangia kidogo. Nilichopata kinastahili.

Ningempa nani? Mtu mwenye kompyuta ya zamani iliyo nzima, hasa baada ya Microsoft kusitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ambaye mashine yake haina TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11. Mwalimu anayetaka wanafunzi waone tabaka za programu badala ya kukariri orodha ya vitufe. Karani kama mimi. Nisingemsukumia mtu ambaye kazi yake yote iko ndani ya programu moja isiyopatikana huku, wala aliye katikati ya msimu wa kazi nyingi. Asubiri apate wiki tulivu.

Alama zangu: kama chombo cha kazi, nane kwa kumi. Kama mwalimu, kumi.

Mwezi uliopita yule mwenzangu wa barua.docx alinijia na kompyuta yake mikononi. Nikamchomekea flashi, nikamwonyesha F12, nikamwacha aandike barua na kuihifadhi kwenye Documents. Kisha nikamwambia azime, achomoe, awashe tena. Aliponiuliza barua yake imekwenda wapi, nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

"Documents ya wapi?" nikamwuliza.